Tumbo Langu na Tumbo la Salima

Mwanangu Somoe,

Salamu sitakuandikia, kwa sababu uko hapo mstari wa pili wa nyumba, umekaa mkekani katikati ya magoti ya mama yako mdogo, anakusuka. Nimekuona nilipopita kwenda kuchota maji. Ulikuwa umeinamisha kichwa, unacheka kitu alichokuambia, nami nikapita na ndoo yangu kama mtu asiyekuona. Ni siku yako ya mwisho nyumbani, na nusu yake umempa Salima.

Basi nimekaa barazani kuandika kabla hujarudi. Mwandiko wangu unaujua, ni wa kisomo cha watu wazima, unapanda na kushuka. Uuvumilie. Ya sabuni, ya shuka, ya kutokula ovyo njiani, baba yako ameyasema tangu juzi na mimi nimeyarudia mpaka umenuna. Haya ni mengine. Ni jambo nililokuficha tangu hujazaliwa. Huko Tanga uendako kujifunza uuguzi, siku moja mwalimu atasimama mbele yenu ataje kifafa cha mimba, aandike dalili zake ubaoni, nawe utamkumbuka mama yako mdogo. Utajiuliza kama kweli nyumba nzima hakuna aliyeona. Nataka ulisikie kwangu. Aliyeona nilikuwa mimi.

Unajua kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Mume huja, akazaa, akaheshimiwa, lakini ukoo unaendelezwa na mabinti. Bibi yako alibakiwa na watoto wawili tu, mimi na Salima. Mimi nilikuwa nimeshazaa kaka zako, Hamisi na Bakari. Kila nilipojifungua, mama alimpokea mtoto, akamshukuru Mungu, kisha akaniangalia kama mtu aliyeagiza chumvi akaletewa sukari. Alikuwa akisema hivi, tena mbele za watu: "Mimi nitazeeka sijamcheza mjukuu wangu unyago. Jina la bibi yangu Somoe nitakwenda nalo kaburini." Nilikuwa nalisikia hilo huku nimempakata Bakari, ananyonya.

Wakati huo maneno ya ujamaa yalikuwa mapya redioni, lakini kijiji hiki cha mistari hakikuwapo bado. Kila mtu alikaa shambani kwake. Sisi tulikaa katika mikorosho ya bibi yako, nyumba tatu zinazotazamana, yake, yangu na ya Salima. Salima alikuwa ameolewa karibuni na Abdala, kijana aliyevuka Ruvuma akikimbia vita vya kwao Msumbiji. Alikuja kwetu akiomba kibarua cha kupalilia, akabaki. Basi ikatokea mimi na mdogo wangu tukapata mimba pamoja. Yake ilitangulia yangu kwa mwezi mmoja hivi.

Mama hakuweza kungoja. Akamwita Bi Mwanahawa, mkunga aliyetuzalisha sisi sote hapa, aje atazame matumbo. Alikuja alasiri, akanawa mikono, akatuambia tukae chini kisha tuinuke. Mimi niliegemea mkono wa kulia kuinuka. Salima aliegemea wa kushoto. Akatupapasa, akautazama ule mstari mweusi wa tumboni, akaminya hapa na pale huku amefumba macho. Kisha akaniambia, bila hata kunihurumia, "Fatuma, hapa kuna dume lingine." Akamgeukia Salima, akatabasamu. "Wewe umembeba mwali."

Mama alipiga vigelegele mpaka watu wa shamba la pili wakaja kuuliza nani anaolewa.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana unaweza kudhani kulikuwa na ugomvi mkubwa. Hapakuwa na ugomvi wowote. Kulikuwa na vitu vidogo tu. Mama alifungua sanduku lake akatoa doti ya kanga ambayo mimi nilikuwa nimeiomba siku ya harusi yangu akaninyima, akampa Salima amfungie mtoto. Akatangaza kwamba mikorosho iliyo karibu na kisima itakuwa ya huyo mwali. Tulipokwenda porini kuchimba ming'oko, mizizi ya kula, Salima aliambiwa abaki kivulini. Tulipotwanga, mchi ulikuwa wangu. Nami nilikuwa na mimba kama yeye, miguu inaniuma kama yake, lakini mimba yangu ilikuwa tumbo na yake ilikuwa mgeni wa heshima. Mama alikuwa akiliamkia lile tumbo asubuhi. "Somoe, umeamkaje?" Analiita kwa jina! Mimi niko pembeni napuliza moto, nimejaa moshi machoni, na hakuna aliyeliuliza langu limeamkaje.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba Salima hakuwa na kiburi. Akipewa kichwa cha samaki alinikatia nusu. "Kula, dada, mimi kinanishinda." Nilikula, nikamchukia kwa kila tonge. Angenionyesha jeuri ningemjibu, yangekwisha. Wema wake ulinifanya mimi ndiye mbaya, na hilo nalo nikamwandikia kuwa kosa lake.

Nilianza kumwangalia sana. Nilijua alichokula, alivyolala, mara ngapi mama amemwita mwanangu. Ndiyo maana nilikuwa wa kwanza kuona anavimba. Kwanza miguu, kandambili zikawa hazimwingii. Kisha vidole vya mikono. Kisha asubuhi uso unakuwa mzito, macho membamba. Alikuwa akisema kichwa kinamgonga. Mama alifurahi. "Mtoto wa kike humnawirisha mama yake," akasema, na Bi Mwanahawa akaitikia. Mimi niliona uso ule nikafurahi kwa njia yangu: nilisema moyoni, angalau sasa si mzuri.

Wakati huo zahanati ilikuwa imefunguliwa Mahurunga, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Nesi wake alikuwa msichana kutoka upande wa Masasi, jina lake Rozalia, mwembamba, anacheka ovyo, viatu vyeupe vimejaa vumbi jekundu. Bibi yako hakuiamini zahanati hata kidogo. Mimi nilikwenda. Nitakuambia nilikwenda kwa nini: si kwa afya. Nilitaka mtu mwingine alitazame tumbo langu aseme neno tofauti na la Bi Mwanahawa.

Rozalia alinilaza, akaweka kile chombo chake cha mbao kama tarumbeta ndogo, akatega sikio. Nikamwuliza, "Nesi, ni mtoto gani?"

"Mtoto," akasema, anacheka.

"Mke au mume?"

"Mama, mimi sina macho ya kuona ndani."

Nikamshika mkono. Nadhani aliona kitu usoni mwangu. Akasikiliza tena, akasema, "Moyo unakwenda mbio sana. Wengine husema ukienda mbio ni msichana. Lakini ni maneno tu hayo, usiende nayo."

Nilikwenda nayo, Somoe. Wewe mwenyewe umenieleza juzi kwamba mbio za moyo hazisemi lolote, kwamba ukiwa tumboni moyo hukimbia tu uwe mke uwe mume. Hata ningeambiwa siku ile nisingesikia. Niliinuka pale kitandani nikiwa mtu mwingine. Furaha ikanilegeza ulimi, nikaanza kumsimulia habari za nyumbani, kwamba mdogo wangu naye ana mimba, kwamba kila mtu anamwona yeye ndiye mwenye msichana, na eti dalili ni kuvimba. Nilisema kwa dhihaka.

Rozalia akaacha kucheka. "Amevimba wapi?"

"Miguu. Na mikono. Asubuhi na uso."

"Kichwa kinamuuma?"

"Analalamika."

"Macho je? Anaona vizuri?"

Nikakumbuka Salima aliniambia siku moja kwamba anaona vimulimuli mchana. Nikamwambia. Rozalia akanikamata mabega yote mawili. "Mama, nisikilize. Mwambie aje kesho. Asingoje siku ya kliniki. Aje kesho, hata kama hawezi kutembea, abebwe. Umenielewa? Ukimwambia leo jioni, kesho awe hapa."

Nikasema nimeelewa. Na nilielewa, mwanangu. Usije ukanitetea kwa watu kwamba mama yangu hakusoma, hakujua. Nilielewa.

Nilitoka zahanati na maneno mawili, la tumbo langu na la tumbo la Salima. Saa mbili nzima za njia nilikuwa nayo yote mawili. Nilikuwa nasema, nikifika nitaanza na lipi? Nikianza na la Salima, mama atapiga kelele, kesho watambeba mpaka kwa Rozalia, Rozalia atamwekea chombo chake tumboni, na kama moyo wa mtoto wake nao utakwenda mbio? Atasema msichana. Salima atakuwa na maneno ya mkunga na maneno ya nesi, na mimi nitarudi kuwa wa kupuliza moto. Nilijiambia nitasema kesho. Acha nipate leo moja.

Nikafika, nikasimama uani, nikasema kwa sauti: "Nesi wa serikali amesikiliza kwa chombo. Amesema ni msichana."

Ungemwona bibi yako. Alikuwa anachambua mchicha, ukamwanguka. Akaja akaweka mkono tumboni mwangu kwa mara ya kwanza tangu nishike mimba ile. Nilikuwa nimemaliza miaka ishirini na sita na nilitaka kulia kama mtoto.

Salima akatoka ndani, uso umevimba, anatabasamu. "Dada, hongera! Basi watakuwa wawili." Kisha akauliza, "Na mimi nikienda atanisikiliza?"

Nikasema, "Kliniki ya mwezi huu imekwisha. Mpaka mwezi ujao."

Hayo ndiyo maneno. Hayakuwa marefu. Niliyasema huku namtazama machoni, naye akasema, "Basi mwezi ujao," akaenda kukaa.

Kesho yake sikusema. Keshokutwa nikajiambia Rozalia anapenda kutisha watu. Mama alikuwa akiniletea uji sasa. Siku ya nne ikawa vigumu zaidi, kwa sababu ningeulizwa mbona hukusema siku ile? Ndivyo ilivyo, Somoe. Siku ya kwanza nilinyamaza kwa wivu, na siku zilizofuata nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshanyamaza.

Siku ya tisa, saa za mchana, Salima alikuwa amekaa anamenya mihogo. Akasema, "Dada, mbona kumeingia giza?" Jua lilikuwa kali. Kisha kisu kikamtoka, akaenda chali, akaanza kutupa mikono na miguu, mdomoni povu na damu, ameuma ulimi. Mama akapiga yowe. Bi Mwanahawa akaitwa, akasema ni shetani la mtoni limempanda, alilotoka nalo mumewe ng'ambo, watafute ubani. Watu wakaanza kutafuta ubani.

Mimi nikapiga kelele, "Si shetani! Mpelekeni kwa nesi! Mpelekeni sasa!"

Bi Mwanahawa akaniuliza, "Wewe umejuaje?"

Nikasema nimesikia kliniki wakisema.

Abdala ndiye aliyenisikiliza. Alimweka juu ya kitanda cha kamba, wanaume wanne wakakibeba wakikimbia. Mimi nilifuata na tumbo langu, naanguka, nainuka. Rozalia alipomwona alimdunga sindano, akasimamisha lori lililokuwa likipakia korosho, tukapanda wote juu ya magunia kwenda Mtwara mjini. Njiani, Salima amelala baina yetu, Rozalia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ulimwambia?"

Nikasema, "Nilimwambia. Hakutaka kuja."

Hakuniuliza tena.

Hospitali walifanya kila walichoweza. Walimwokoa yeye. Mtoto alitoka amekufa. Nesi mwingine, mtu mzima, alitoka kuniambia, mimi nimekaa sakafuni kwenye ukumbi. Akasema pole, mama yuko hai, mtoto amekwenda. Akasema alikuwa wa kiume.

Sasa nitaandika jambo ambalo sijalisema kwa kiumbe yeyote. Niliposikia wa kiume, kabla ya huzuni, kabla ya hofu, nilifurahi. Ilikuwa muda mfupi tu, kama mtu anavyovuta pumzi. Nilisema moyoni: basi Bi Mwanahawa alikosea. Basi wangu ndiye msichana. Mtoto wa mdogo wangu amelazwa mezani chini ya shuka, na mimi nafurahi. Kisha ndipo nilipoanza kulia, na watu wakaniona nalia, wakasema angalia anavyompenda nduguye.

Salima alizinduka siku ya pili. Alikuwa anauliza, "Yuko wapi mwanangu wa kike?" Bibi yako ndiye aliyemjibu. Baadaye daktari akasema hatazaa tena.

Wewe ulizaliwa wiki chache baadaye, nyumbani, mikononi mwa Bi Mwanahawa yule yule. Alikugeuza, akakutazama, kisha akasema, "Fatuma, nilikosea." Mama akapiga vigelegele, lakini si kama vile vya kwanza. Akakuita Somoe. Nilikuwa nimepata kila nilichokitaka, jina, kanga, mikorosho ya kisimani, hata uji. Nililala nimekukumbatia na sikuweza kukutazama muda mrefu.

Siku ya saba Salima alikuja. Alikuwa amekonda, amefunga kifua kwa kitambaa kubana maziwa yaliyokataa kukauka. Akasimama mlangoni, akanyoosha mikono. "Nimshike, dada?" Nilitaka kukataa. Wallahi nilitaka kusema amelala. Lakini ulikuwa unalia tangu asubuhi, na mama alikuwa anatazama, nikakutoa. Akakuweka begani, akakung'ang'ania, ukanyamaza. Ulinyamaza papo hapo. Nami, mwenye mtoto, niliona wivu kwa asiye na mtoto.

Tangu siku ile sijapumzika. Neno lako la kwanza ulimwita yeye ma, nikawaambia watu umesema maji. Ulipoanguka ukavunja jino ulinipita mimi nimesimama karibu ukakimbilia kwake. Walipokuja na operesheni ya kutuhamishia kijijini, tukaiacha mikorosho huko nyuma, balozi wa nyumba kumi alikuwa amepanga kiwanja cha Salima ubavuni mwa chetu. Nilimwendea kwa siri, nikamwambia dada na mdogo wakikaa karibu hugombana, amweke mstari mwingine. Akaniheshimu, akafanya. Ulikuwa na miaka saba. Jioni ya kwanza ulipita katikati ya nyumba za watu, peke yako, ukaenda kulala kwake.

Kisha Msumbiji ikapata uhuru, Abdala akataka kurudi kwao. Nilifunga saumu ya siku tatu kuomba Salima aende naye. Nisamehe. Niliwaombea hata njia njema. Siku ya siku Abdala alivuka peke yake. Salima aliniambia, "Ningekwenda, dada. Lakini nani atamlea Somoe nawe?" Alisema nawe, alinihesabu pia, na mimi nilisikia jina lako tu.

Ulipochezwa unyago, bibi yako akiwa amekwisha kufariki, ulitakiwa uchague nani akubebe mgongoni kukutoa nje. Hukufikiri hata kidogo. Nilipiga makofi pamoja na wengine. Viganja viliniuma siku mbili.

Ndiyo wivu wangu huo, mwanangu. Sikusimulii ili unihurumie. Nataka tu ujue kwamba haukukoma nilipopata msichana. Nilidhani ukipata kitu unachomwonea wivu mwenzio unashiba. Nilipata, nikaanza kuona njaa ya kingine.

Barua ya kukubaliwa chuoni ilipofika, nilijua muda wangu umekwisha. Jumanne, ulipokwenda kwa mwenyekiti kugongewa muhuri, nilivuka mistari ya nyumba nikaenda kwa Salima. Alikuwa anabangua korosho uani, vidole vimepakwa majivu visiungue kwa utomvu. Nilikaa juu ya kinu. Nikamwambia yote ya zahanati, kuanzia mkono wa Rozalia begani mwangu mpaka neno la kliniki imekwisha. Sikuweza kumtazama. Nilikuwa naongea na zile korosho.

Nilipomaliza akajivutia ungo. Akabangua moja, akaitupa kwenye ungo. Akabangua nyingine. Kisha akasema, "Najua."

Nikadhani sikusikia.

"Rozalia alikuja kunitazama hospitali. Nilipoweza kukaa, akaniuliza, dada yako alikuambia uje kwangu? Nikamwambia aliniambia, mimi ndiye nilikataa."

"Kwa nini ulisema hivyo?"

"Ulikuwa na mimba. Mama angekufukuza na tumbo lako. Angekulaani na mtoto yumo ndani. Nilikuwa nimezika mmoja, ningezika wawili?"

Nikalia, nikamshika miguu. Akaiondoa miguu yake. Hakunipiga teke, aliivuta tu. "Usidhani mimi ni malaika," akasema. "Nilikuchukia, dada. Nilikuchukia mpaka nikawa siwezi kula chakula ulichopika. Somoe alipozaliwa nikasema, nitamchukua. Sitamwiba. Nitampenda mpaka aje kwangu mwenyewe kwa miguu yake, na wewe utakuwa unaangalia."

"Nimeangalia," nikasema.

"Najua umeangalia. Nilikuwa nakuona." Akapangusa majivu kidoleni. "Halafu akaugua ule ugonjwa wa surua, unakumbuka? Tukakesha naye mimi na wewe, zamu kwa zamu. Asubuhi akafungua macho akaomba maji, na nikagundua kwamba usiku kucha sikukumbuka kukuchukia. Baada ya hapo sikuweza tena kuanza upya. Nilijaribu."

Hatukukumbatiana. Alinisogezea ungo, tukabangua korosho mpaka uliporudi na barua yako yenye muhuri, ukasema mbona leo mmekaa pamoja, ukacheka. Na unajua mimi nilihisi nini, katikati ya aibu yote ile? Niliona wivu kwamba hata kunyamaza alinizidi. Mimi nilinyamaza akapoteza mtoto. Yeye alinyamaza mimi nikapata wangu.

Ile furaha ya kule ukumbini sikumwambia. Imebaki hiyo moja. Usimwambie wewe. Nitakwenda kumwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, wiki hii, hata akiivuta miguu tena.

Huko uendako watakuja wanawake watakushika mkono kama nilivyomshika Rozalia, wakuulize ni mke au mume. Umeniambia siku zijazo zitafika hata mashine za kumwona mtoto akiwa ndani. Sijui utawajibu nini, hiyo ni kazi yako. Mimi ninakuomba umtazame huyo anayeuliza kabla ya kumjibu, umwulize nyumbani kuna nani. Na ukiwa na neno la mgonjwa, usimpe ndugu yake alibebe, hata akiwa dada wa tumbo moja, hata akisema ameelewa. Vaa viatu vyako uende mwenyewe. Rozalia alikuwa msichana mzuri, alifanya kazi yake vizuri, kosa lake moja ni kuniamini. Sikupata kumwomba radhi. Alihamishwa kabla hujatambaa.

Usinifiche uso kesho kwa sababu umesoma haya. Ukitaka kukasirika, kasirika. Una siku tatu njiani, na kivuko cha mto Rufiji kikikataa una siku tano. Ukifika niandikie hata matusi, nitayasoma herufi kwa herufi kama ninavyosoma kila kitu.

Lori litasimama mbele ya ofisi ya kijiji baada ya sala ya alfajiri. Tutakuwa wote pale, baba yako, kaka zako, sisi wawili. Nimekuwa nikijiandaa tangu juzi namna ya kusimama karibu na mlango wa lori ili niwe wa kwanza kukumbatiwa. Nimeacha. Nenda kwake kwanza. Mkumbatie unavyotaka, wala usiharakishe kwa ajili yangu. Ukimaliza, geuka. Nitakuwa nimesimama nyuma yake.

Mimi mama yako,
Fatuma